Kaunta Buku la Mwalimu

Mwaka 2011, wakati wa mgawo mkali wa umeme, ofisi yetu ya Dar es Salaam ilikuwa na madaftari mawili ambayo niliyapita kila asubuhi bila kuyafungua. Moja lilikaa getini kwa mlinzi, limefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza. Humo mlinzi aliandika saa jenereta ilipowashwa na saa ilipozimwa, maana dizeli ilihesabiwa lita kwa lita na mhasibu hakuwa na simile. La pili lilikuwa kaunta buku nene lililochakaa kingo, mali ya mama mmoja tuliyemwita Mwalimu. Madaftari hayo ndiyo yaliyonifundisha kazi ninayoifanya mpaka leo, nami nilikuja kuyasahau yote mawili.

Kazi yenyewe ni kujaribu programu za kompyuta kabla hazijamfikia mtumiaji. Kampuni yetu ilikuwa ndogo, watu sita na mlinzi, tukitengeneza mifumo ya hesabu za SACCOS na ya ada za shule. Mwalimu alikuwa amefundisha masomo ya biashara sekondari kwa miaka mingi kabla ya kuja kwetu, na alijaribu programu kama mtu anayesahihisha mitihani. Alifungua kila fomu. Aliandika herufi palipotakiwa tarakimu, akatoa akiba kubwa kuliko iliyomo, akaomba mkopo kwa jina la mwanachama aliyekwisha kufa, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi mara mbili upesi upesi kama afanyavyo mtu asiyeiamini mashine. Kila alichokifanya alikiandika kwenye kaunta buku, katika safu tano alizozipiga kwa rula: tarehe, saa, nilichofanya, nilichotarajia, nilichokiona. Mfumo mmoja kuupitia wote kulimchukua siku tatu.

Mimi ndiye niliyeleta mashine ya kufanya kazi hiyo.

Zana yetu ya kwanza iliitwa Selenium. Ilizaliwa Chicago mwaka 2004, pale Jason Huggins wa kampuni ya ThoughtWorks alipochoka kurudia kwa mkono majaribio ya programu ya ndani ya kuandikia saa za kazi na matumizi. Jina lake lina kisa. Katika soko la zana za namna hiyo wakati ule, mkubwa alikuwa Mercury, kampuni yenye jina la zebaki, na seleni ni elementi inayosifika kwa kupunguza makali ya sumu ya zebaki. Zana za Mercury ziliuzwa kwa bei ambayo ofisi kama yetu isingeweza hata kuisogelea. Selenium ilikuwa ya bure. Mwaka 2006 Shinya Kasatani wa Japani akaitengenezea programu-jalizi ya kivinjari cha Firefox: unabonyeza kitufe chekundu, unafanya kazi zako kama kawaida, yenyewe inanakili kila hatua, kisha unaiamuru irudie.

Nilimwonyesha Mwalimu. Alikaa kimya akitazama fomu zinajijaza zenyewe, majina yakijiandika, ukurasa ukifuata ukurasa, mpaka orodha yote ikawa ya kijani isipokuwa mstari mmoja mwekundu.

"Inaandika wapi ilichokiona?" akaniuliza.

Nikamwonyesha ile mistari ya kijani na ule mwekundu.

"Hizo ni maksi," akasema. "Mimi nauliza, kazi ya mwanafunzi iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilidhani ni swali la mtu wa zamani.

Wanaofikiri mashine ya kujaribu programu haina matata hawajakaa nayo wiki moja. Tatizo letu la kwanza lilikuwa la anwani. Ili mashine ibonyeze kitufe, lazima iambiwe kitufe kipo wapi. Kitufe chenye jina lake maalumu hakisumbui: unakiita kwa jina, kinaitika. Lakini vitufe vyetu vingi havikuwa na majina ya kudumu, au vilipewa majina na programu yenyewe, yakibadilika kila toleo jipya lilipotoka. Basi zana ikawa inaelekeza kama tunavyoelekezana uswahilini: ingia ukurasani, kisanduku cha pili, ndani yake jedwali, mstari wa tatu, kitufe cha kwanza. Ni sawasawa na kumwambia mgeni ahesabu nyumba tatu baada ya mwembe. Siku mwembe ukikatwa, mgeni anabisha hodi kwa watu wengine. Mbunifu wetu alipoongeza tangazo dogo juu ya ukurasa, majaribio 60 yalikufa kwa mpigo, na hakuna hata moja lililokufa kwa sababu programu ina kasoro. Tuliwaendea watengenezaji, tukawaomba kila kitufe kipewe jina lisilobadilika kwa ajili ya majaribio. Walikubali baada ya miezi minne. Miezi hiyo yote nilikuwa nikirekebisha anwani kila Jumatatu.

Tatizo la pili lilikuwa la kusubiri. Mashine haina subira ya binadamu. Binadamu akibonyeza "Tafuta" anaona ukurasa haujajaa, anangoja. Mashine inabonyeza na papo hapo inadai jibu. Tulipoanza, intaneti ya ofisi ilipitia dishi la setilaiti na seva yetu ya majaribio ilikuwa ng'ambo, hivyo kila ukurasa ulichelewa. Dawa niliyoitumia ni ile wanayoikimbilia wote wanaoanza: niliiamuru mashine ilale sekunde 20 baada ya kila hatua nzito. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ukafika, kurasa zikaanza kufunguka upesi, lakini zile amri za kulala zilibaki palepale. Siku moja nikazihesabu: zilikuwa 180. Sekunde 20 mara 180 ni saa nzima ya mashine kulala kila inapofanya kazi. Na ubaya wake mkubwa si muda. Kulala hakukuwa kunathibitisha chochote. Ukurasa ukichelewa sekunde 21, jaribio linaanguka. Ukifika baada ya sekunde moja, 19 zinapotea. Ilinibidi nijifunze kuiamuru isubiri jambo badala ya kusubiri muda: subiri mpaka jina la mwanachama lionekane, subiri mpaka kile kiduara kinachozunguka kitoweke, na usizidishe sekunde 30. Kazi ya kubadilisha hizo 180 ilinichukua mwezi na nusu.

Lakini kisa ambacho sijapata kukisimulia sawasawa ni cha mwaka ule wa mgawo.

Umeme ulikuwa ukikatika saa nyingi, na hakuna ratiba ya majaribio iliyoweza kufuatwa. Tuliamua mashine ya majaribio ianze kazi yenyewe kila inapowashwa. Umeme ukirudi, inaanza. Jenereta ikiwashwa, inaanza. Baada ya wiki chache tukaona jaribio moja lina tabia ya ajabu. Lilikuwa jaribio jepesi kabisa: lipa ada ya shilingi 10,000, fungua ripoti ya malipo ya leo, hakikisha malipo yale yamo. Siku tatu kijani, siku moja jekundu, siku mbili kijani, siku mbili jekundu. Ukilirudia asubuhi mbele ya macho yako, kijani. Siku hizi majaribio ya aina hii nayaita vigeugeu. Wakati ule tuliyaita mashetani.

Tulishika upande usio sahihi. Rekodi za mashine zilionyesha kwamba jekundu huja kati ya 21:00 na 24:00, na sisi tukasoma hivyo hivyo: saa tatu usiku mpaka saa sita usiku. Tukasema, watu wametoka kazini, wako nyumbani, mtandao umejaa. Nikaongeza muda wa kusubiri mpaka dakika nzima. Haikusaidia. Nikabadilisha kivinjari. Nikaweka upya mfumo mzima. Wiki mbili zikaisha, na mkurugenzi akaanza kuuliza kama lile jaribio lina umuhimu wowote.

Mwalimu hakuwa ameombwa kulichunguza. Ila asubuhi moja nilimkuta mezani kwake amefungua kaunta buku lake, na kando yake daftari la mafuta la mlinzi, amelifungua kamba na kuja nalo ndani. Alikuwa ameandika kila jekundu na saa yake kama mashine ilivyosema. Halafu akatafuta kwenye daftari la mlinzi usiku ule jenereta iliwashwa saa ngapi.

"Tazama hapa," akaniambia. "Mashine inasema ilianza kazi 22:05. Hiyo ni saa nne na dakika tano usiku. Mlinzi ameandika jenereta iliwashwa saa saba usiku. Kati ya hawa wawili mmoja hasemi kweli, na mlinzi hana sababu ya kudanganya, dizeli inapimwa."

Akanionyesha usiku mwingine, na mwingine. Kila mara tofauti ilikuwa ileile, saa tatu.

"Mashine hii," akasema, "haiishi Dar es Salaam."

Nilielewa nikiwa bado nimesimama. Mashine ya majaribio, tangu siku niliyoiwekea mfumo, sikuwa nimeibadilisha saa. Ilibaki kwenye saa za Greenwich. Programu yetu ilitumia saa za Afrika Mashariki, zilizo mbele kwa saa tatu. Kwa hiyo kila siku, kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku, kulikuwa na kipindi ambacho hapa ni siku mpya, na kwa mashine bado ni jana. Umeme ukirudi katika kipindi hicho, malipo yanaandikwa kwa tarehe ya leo, jaribio linafungua ripoti ya jana, na haliyakuti. Saa tisa ikipita, Greenwich nako siku mpya inaanza, tarehe zinalingana, kila kitu kijani. Mtandao haukuhusika hata kidogo. Nilibadilisha mstari mmoja, na kile kigeugeu hakikurudi tena.

Alichokifanya Mwalimu si hesabu ngumu. Ni safu ya pili, ile ya saa, ambayo sote tuliiona ni mazoea ya mwalimu wa shule. Yeye aliandika kila kitu hata kisipoonekana kuwa na maana siku hiyo, akaweka ushahidi wa mashine kando ya ushahidi wa mtu, akatazama. Sisi tulikuwa tumetoa hukumu kwanza.

Mwaka 2014 mkurugenzi aliniomba niandike taarifa fupi kuhusu maendeleo ya majaribio. Niliandika kwa furaha. Niliandika kwamba kazi iliyokuwa ikichukua siku tatu sasa inachukua dakika 40. Ilikuwa kweli. Sikuandika ni nani aliyeigundua ile tofauti ya saa tatu, wala sikuandika kwamba nusu ya majaribio yaliyokuwa ndani ya mashine niliyanakili mstari kwa mstari kutoka kwenye kaunta buku lake, maana hakuna aliyeniuliza. Miezi mitatu baadaye mkataba wa Mwalimu ulifika mwisho, na haukuongezwa. Tulimuaga kwa soda na keki. Alitushukuru mmoja mmoja, akachukua rula yake, akaondoka. Nilijua taarifa ile imetumika vipi. Nilijiambia ni maendeleo.

Miaka iliyofuata ilipita kwa kufukuzana na matoleo. Juni 2016 Firefox ilitoa toleo la 47, na kompyuta zetu zilipojisasisha majaribio yote yaliyozidi 400 yakawa mekundu, kwa sababu kivinjari kilikuwa kinaanguka kabla ya kufunguka kikiendeshwa na Selenium. Toleo la 47.0.1 lilirekebisha hilo, lakini la 48 likafunga njia ya zamani, tukalazimika kuhamia draiva mpya iitwayo geckodriver. Agosti 2017, toleo la 55, ile programu-jalizi ya kunakili ikaacha kufanya kazi kabisa. Kwa Chrome mchezo ulikuwa ni wa namba: toleo la kivinjari na toleo la draiva lazima vilingane, na usiku mmoja kivinjari kikijisasisha, asubuhi hakuna kinachofunguka. Wengi wa rika langu wamejifunza kutokana na hayo jambo moja la manufaa, kuyafunga matoleo kwenye mashine ya majaribio yasibadilike bila ruhusa. Lakini tulijifunza na jambo jingine, bila kujua tunajifunza. Tulizoea kuona jekundu na kusema: ni mashine, si programu.

Leo ofisi ninayofanyia kazi ni nyingine, kubwa, na vijana ninaoketi nao ni hodari kuliko nilivyokuwa mimi. Zana zao ni bora, nasema hivyo bila kusita. Playwright, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2020, haikuombi uiandikie kusubiri. Kabla ya kubonyeza inahakikisha yenyewe kwamba kitufe kinaonekana, kimetulia, na kinaruhusu kubonyezwa. Ukitaka, inakuhifadhia picha za kila hatua, na mawasiliano yote na seva, ili baadaye urudi nyuma utazame kilichotokea kana kwamba ulikuwepo. Mwalimu aliuliza kazi ya mwanafunzi iko wapi, hii inaihifadhi. Ningekuwa nayo mwaka 2011, zile wiki mbili zingekuwa saa mbili.

Lakini zana hizo zina mpangilio mmoja mdogo, tarakimu tu, unaosema jaribio likianguka lirudiwe mara ngapi kabla ya kuhesabiwa kuwa limeanguka. Unaweka 2 au 3. Likiwa kijani katika mara yoyote kati ya hizo, kazi inaendelea. Mpangilio huo una nafasi yake. Mwaka 2016 mhandisi wa Google, John Micco, aliandika kwamba karibu asilimia 16 ya majaribio yao yana ukigeugeu wa kiasi fulani, na kwamba katika asilimia 84 ya mara ambazo jaribio liligeuka kutoka kijani kwenda jekundu, kigeugeu kilihusika. Mwenye majaribio mengi kiasi hicho hawezi kusimamisha kila kitu kwa kila taa. Ila pale Google walikuwa wanahesabu. Walijua ni yapi, na mara ngapi. Vijana wangu walikuwa wakiweka 3 siku ya kwanza, kabla jaribio la kwanza halijaandikwa, na hawakujua chochote kuhusu zile mara za mwanzo lilipoanguka. Nao walijifunza kwangu.

Mwaka 2019 tulikuwa na mfumo wa kulipa ada kwa simu. Mzazi anachagua shule, anaandika kiasi, anaweka namba ya siri, anapata meseji. Jaribio langu lililipa ada mara moja kisha likahesabu malipo katika akaunti ya mwanafunzi. Jibu lilitakiwa liwe 1. Mara chache, labda mara moja kwa wiki, lilisema 2. Nilitazama mara ya kwanza, nikaona ni data chafu iliyobaki kutoka jaribio la jana. Mara ya pili nikasafisha data kabla ya kuanza. Ya tatu ilipokuja kulikuwa na toleo la kutoka Ijumaa ile, na mkuu wa mradi amesimama nyuma ya kiti changu. Nikaweka 3. Jaribio likawa kijani, na likaendelea kuwa kijani.

Wiki sita baadaye mama mmoja alikuja ofisini kutoka Chanika, amebeba simu ya vitufe mkononi. Alilipia ada ya mwanawe shilingi 85,000. Meseji zilikuwa mbili, zinafuatana kwa sekunde 11, na salio limepungua 170,000. Alikuwa anauza maandazi. Hakufoka. Aliniuliza kama mashine yetu imeona kwamba yeye ana uwezo wa kulipa mara mbili. Fedha zake zilirudi baada ya siku 19, na hakuwa peke yake.

Sababu, tulipoitafuta hatimaye, ilipatikana ndani ya siku moja. Seva ikizidiwa, jibu lilichelewa zaidi ya sekunde 10. Programu ya malipo kwa simu ikadhani ombi limepotea, ikalituma tena. Ombi halikuwa na namba yake ya kipekee, kwa hiyo seva haikuweza kujua kwamba la pili ni nakala ya la kwanza. Ikayapokea yote mawili. Tiba ilikuwa kulipatia kila ombi namba moja isiyorudiwa na kuikataa nakala. Jaribio langu lilikuwa limeliona jambo hilo hilo: siku ambazo seva ilikuwa na kazi nyingi, likapata malipo mawili, likasema mawili. Niliporudi kwenye rekodi nilikuta lilikuwa limesema hivyo mara tisa ndani ya siku 30 zilizohifadhiwa. Za kabla ya hapo zilikuwa zimefutwa. Kila moja ya hizo tisa ilikuwa na alama ya kijani mbele yake, na maneno madogo kwamba limefaulu baada ya kurudiwa.

Jioni ile nilimpigia Mwalimu. Tulikuwa hatujazungumza kwa miaka mitatu. Anaishi Morogoro, ana duka la vifaa vya shule.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Habari za siku nyingi? Wazima nyumbani?"

Nilimweleza kila kitu, mama wa Chanika, zile mara tisa, na ile 3 niliyoiweka. Nilimweleza pia kuhusu taarifa ya 2014, jambo ambalo nilipaswa kulisema miaka mitano kabla. Alinyamaza kidogo. Kuhusu taarifa alisema alijua tangu siku ile ya soda, na kwamba hakuwa na kinyongo, nami namwamini. Kisha akaniuliza swali moja tu.

"Lilipokuwa jekundu ile mara ya kwanza, uliandika saa?"

Sikuwa nimeandika. Ningeiandika, ningeona kwamba mara zote zilianguka kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, seva inapotengeneza ripoti za shule zote, na ningeuliza kwa nini data chafu ipende saa hizo. Daftari la mlinzi lingekuwa mezani kwangu.

Mwaka juzi tuliletewa zana mpya inayosemwa kuwa inajiponya. Kitufe kikihama au kikibadilishwa jina, zana haianguki, inatafuta kinachofanana nacho na kuendelea. Miezi ya Jumatatu nilizopoteza nikirekebisha anwani inanifanya nielewe kwa nini watu wanaifurahia. Lakini wiki ya tatu kitufe cha "Lipa" kiliondolewa kwa bahati mbaya kwenye ukurasa mmoja, kikabaki cha "Lipa baadaye". Zana ikajiponya. Ilibonyeza "Lipa baadaye", ikapata ukurasa wa shukrani, ikatoa kijani. Aliyegundua ni binti mmoja wa mafunzo kwa vitendo, aliyekuwa anaupitia ukurasa kwa mkono kwa sababu nilimwagiza afanye hivyo kila Jumatano, na aandike.

Maana nimerudisha kaunta buku. Liko juu ya meza yangu, safu tano zilizopigwa kwa rula. Mpangilio wa kurudia nimeuweka 1, yaani unarudia mara moja tu, na kila jaribio linalofaulu kwa kurudiwa linaandikwa kwa mkono na yule aliyekuwa zamu: tarehe, saa, lilifanya nini, lilitarajiwa nini, lilionyesha nini. Likifikisha mara tatu, mtu mmoja anaacha kazi nyingine zote mpaka sababu ijulikane. Vijana mwanzoni waliona ni adhabu. Waliniuliza kwa nini tusiweke kwenye lahajedwali, nikawaambia waweke na huko pia. Tangu tuanze tumepata vigeugeu 31. Ishirini na viwili vilikuwa makosa ya majaribio yenyewe: tarehe, kusubiri, data ya jaribio moja kuingiliana na ya jingine. Vitano vilikuwa vya mashine. Vinne vilikuwa kasoro za kweli katika programu, ambazo mteja angezikuta yeye.

Jana usiku, saa saba na dakika kumi, jaribio la risiti ya ada liliwaka jekundu, likarudiwa, likawa kijani. Ni mara yake ya pili mwezi huu. Ya kwanza ilikuwa saa saba na robo. Zote mbili zimeandikwa, na kesho asubuhi nitaanzia hapo.